Nataka kumvisha pete bila yeye kujua siku: naombeni mawazo, wana-Nairobi

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumapili saa 3:10 usiku

Habari za jioni nyote. Mimi ni fundi wa stima, naishi Umoja. Nimekuwa na mpenzi wangu miaka minne sasa. Ni muuguzi katika hospitali moja ya umma hapa jijini, na kwa kuwa anafanya zamu, kila mwisho wa mwezi hunitumia ratiba yake kwa simu nami napanga maisha yangu kwa kuifuata. Habari ya kuoana tumeshaiongea. Anajua nia yangu, nami najua yake. Asichojua ni siku, na hapo ndipo nataka nimshtue, maana huyu ni mtu anayeshinda akiwahudumia wengine na sijaona siku aliyohudumiwa yeye.

Nimeweka akiba ya shilingi 60,000 tangu Januari, ya pete na kila kitu. Marafiki zangu wameshapanga: mkahawa ulio juu ghorofani kule Westlands, Jumamosi usiku, watu thelathini wamejificha, bango la taa limeandikwa UTANIOA?, mpiga picha, na droni juu. Nikiwaza hilo bango roho inasita, lakini sijui kama ni woga wangu tu. Yeye si mtu wa makelele. Tukipata siku moja ya bure tunakwenda msitu wa Karura, tunatembea hadi kwenye maporomoko, tunakaa pale kwenye mawe, tunarudi.

Wenye uzoefu nisaidieni. Mahali, pete, maneno, wazazi. Nina wiki tatu.

Mwalimu Mstaafu, Jumapili saa 3:42 usiku

Mwanangu, kabla ya yote simamisha hilo bango. "Utanioa?" ni swali la mwanamke kwa mwanamume. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukipiga goti chini ya taa hizo utakuwa unamuuliza kama yeye atakuoa wewe. Nimeliona kosa hili kwenye picha nyingi za siku hizi na linaniuma, kwa sababu picha hizo watu huzitunza mpaka wajukuu wazione. Wanaoandika hivyo wamelichukua swali la Kiingereza, ambalo mume na mke huulizana kwa neno lile lile, wakalimwaga jinsi lilivyo.

"Utakubali nikuoe?" ni sahihi. "Utaolewa nami?" pia ni sahihi, ingawa masikioni mwangu ni nzito. Lakini lugha yetu ina kitu kizuri kuliko hivyo vyote, nacho ni kauli ya kutendana. *Tuoane.* Hapo hakuna anayetenda na anayetendewa, wote wawili mmo ndani ya kitenzi kimoja. Kama angekuwa binti yangu, ningependa aombwe kwa neno hilo.

Mkazi wa Rongai, Jumapili saa 4:05 usiku

Kaka, ukitaka mandhari, panda juu ya KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya jiji. Jengo lile lina ghorofa 28, na kule juu kwenye uwanja wa helikopta unaliona jiji lote, na siku isiyo na mawingu unaona hata Mlima Kenya. Au nenda vilima vya Ngong, ila kule upepo ni mkali, mitambo ya umeme ya upepo haikuwekwa pale bure. Mimi nilimposa mke wangu kule na hakusikia hata neno moja. Nilirudia mara tatu.

Dada wa Donholm, Jumapili saa 4:50 usiku

Naomba usome hili mpaka mwisho, kaka.

Mimi nilivishwa pete mbele ya watu kama arobaini, mkahawani. Sikuwa nimekataa kuolewa. Kulikuwa na jambo moja zito kati yetu ambalo hatukuwa tumelimaliza, naye alijua. Alipopiga goti, simu zote ziliinuka: binamu zake, wafanyakazi wenzangu, hata mhudumu aliyetuletea chakula. Nilisema ndiyo kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya jibu jingine. Ukisema "ngoja kwanza tuongee" mbele ya kamera arobaini, umemwaibisha mwenzako na kesho mko mitandaoni. Nikasema ndiyo, watu wakapiga vigelegele, na usiku ule nililia mpaka shingo ikauma.

Pete niliirudisha baada ya miezi mitano. Kuirudisha kuliniumiza kuliko ambavyo kusema "ngoja" kungeniumiza, na kulimuumiza yeye zaidi.

Sisemi kwamba umati ni mbaya kwa kila mtu. Dada yangu alivishwa kanisani, waumini wote wakishuhudia, na hajawahi kufurahi hivyo. Yeye anapenda watu. Lakini wewe umeandika mwenyewe kwamba mpenzi wako si mtu wa makelele. Basi mshtue kwa siku, usimshtue kwa swali. Na ukishauliza, mwachie nafasi. Kama ana la kuuliza kabla ya kujibu, aweze kuliuliza.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumapili saa 5:20 usiku

Dada, pole sana, na asante. Nimesoma mara mbili. Westlands nimeifuta sasa hivi.

Mwalimu, asante pia. Bango lilikuwa halijalipiwa.

Hewani, Jumatatu saa 1:15 asubuhi

Kuhusu droni, kwa faida ya wengine watakaosoma: Kenya huwezi kuinunua tu na kuirusha. Kuna kanuni za mwaka 2020, inatakiwa isajiliwe na anayeirusha awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Na hapa Nairobi tuna viwanja vya ndege vya JKIA na Wilson, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, kwa hiyo sehemu kubwa ya anga ya jiji ina ndege zinazopaa na kutua. Ukimkodi mtu, muulize kibali chake kabla hujatuma pesa.

Sonara wa Ngara, Jumatatu saa 4:30 asubuhi

Nimefanya kazi ya vito kwa miaka mingi, niongee kuhusu pete.

Usikisie kipimo. Mtu anayekuja dukani kwangu akionyesha kidole chake kidogo na kusema "chake kinalingana na hiki" atarudi wiki ijayo. Tafuta pete anayoivaa tayari, hata ya bei ndogo, ujue anaivaa kidole gani na mkono gani. Pima kipenyo cha ndani kwa milimita, zidisha kwa 3.14, utapata mzingo. Kipenyo cha milimita 17 ni mzingo wa kama milimita 53. Kumbuka mkono anaoutumia zaidi huwa na vidole vinene kidogo, kwa hiyo pete ya kulia itapwaya kushoto. Kidole pia hubadilika: kwenye joto huvimba, kwenye baridi hunywea. Kidole cha Februari na cha Julai hapa Nairobi si kimoja. Ukisita kati ya vipimo viwili chukua kikubwa, kuipunguza pete ni kazi rahisi kwetu.

Dhahabu: angalia muhuri ulio ndani. 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9. Kwa pesa uliyo nayo usione haya kuchukua karati 9 au 14. Ni dhahabu ya kweli, na kwa mtu wa kazi za mikono ni ngumu kuliko ya karati 18. Dhahabu nyeupe inang'aa kwa sababu imepakwa rodiamu, metali nyeupe, na mpako huo hulika, kila baada ya muda itabidi ipakwe upya. Kwa mtu anayenawa mikono mara hamsini kwa siku ningechukua ya njano.

Jiwe: watu wote wanaulizia almasi, na kwa bajeti hiyo utapata chembe. Wengine huchukua moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, ni ngumu sana na inamemeta. Mimi huwa nawaonyesha vijana tsavoraiti. Ni jiwe la kijani, linachimbwa kwetu Taita Taveta, na jina lake limetoka Tsavo. Ugumu wake ni kama 7 kwa kipimo ambacho almasi ni 10, kwa hiyo lichukuliwe kwa adabu. Tanzanaiti ni nzuri kwa macho lakini ni laini, iweke kwenye hereni, kwenye pete ya kila siku itachubuka.

Muuguzi wa Zamu, Jumatatu saa 8:20 mchana

Naomba nimuongezee sonara, maana hii ni kazi yangu. Wodini pete yenye jiwe lililoinuka ni tatizo. Inapasua glovu, na vijidudu hubaki chini ya jiwe hata ukinawa vipi. Wengi wetu tunavua. Na pete inayovuliwa kila zamu ndiyo inayopotea: mfuko wa joho, kwenye sinki, kabati la kubadilishia nguo. Rafiki yangu aliitafuta yake kwenye mashuka machafu mpaka saa sita usiku.

Kwa hiyo mwambie sonara jiwe lizamishwe ndani ya chuma, lisichomoze. Halafu mnunulie na mkufu mwembamba, ili akiwa kazini pete ining'inie ndani ya nguo. Akiona mkufu atajua ulimfikiria akiwa kazini pia.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumatatu saa 2:00 usiku

Mkufu! Nisingewaza kabisa. Sonara, jioni hii nimekuandikia kwa siri.

Kipimo nimekipata. Dadangu alimwomba waende naye City Market kuangalia maua na shanga za harusi ya jirani, wakajaribishana pete za shanga, akaja na moja iliyomkaa vizuri kidole cha kushoto. Milimita 16.8.

Mtembezi, Jumanne saa 12:40 asubuhi

Karura ni chaguo zuri, mimi niko pale karibu kila wiki, ila kuna mambo.

Usipange machweo. Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua linatua karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi. Msitu unafungwa saa kumi na mbili jioni. Mtakuwa mnakimbizana na walinzi. Nenda asubuhi.

Usiende Jumamosi wala Jumapili kama unataka utulivu. Kwenye maporomoko kunakuwa na vikundi vya kanisa, watoto wa shule, watu wa baiskeli, mtasubiriana kupiga picha. Siku ya kazi, saa tatu asubuhi, mnaweza kukaa nusu saa bila kumwona mtu isipokuwa kima.

Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, ni marufuku kwenye misitu na mbuga tangu Juni 2020, kwa hiyo usije na maji ya dukani wala vikombe vya plastiki. Usimwage zile karatasi za kumetameta, nakuomba. Msitu huu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999, wakapigwa, ili usigawanywe kwa wajenzi. Tuuache ukiwa kama tulivyoukuta.

Kama utakuja na mpiga picha wa kazi, ulizia ada yake langoni mapema, asizuiwe siku yenyewe. Malipo ni kwa simu. Na mvua za vuli zinakaribia. Raba za zamani, si viatu vyeupe.

Mama wa Watatu, Jumanne saa 3:15 asubuhi

Na kisingizio kiwe cha kawaida. Mume wangu alinipigia akasema mama yake ameanguka, njoo haraka. Nilifika nikitetemeka, nikakuta maua. Nilimsamehe, lakini mpaka leo nikikumbuka siku ile, cha kwanza kinachonijia ni ile hofu ndani ya matatu. Mwambie tu mnaenda kutembea. Si ndiyo kawaida yenu?

Mzee wa Kaloleni, Jumanne saa 1:30 usiku

Kijana, hujasema binti ni wa wapi.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumanne saa 1:48 usiku

Mzee wangu, ni Mkamba wa Machakos. Baba yake hayupo tena, yupo mama na mjomba. Mimi ni Mluhya, nyumbani ni Kakamega.

Mzee wa Kaloleni, Jumanne saa 2:25 usiku

Basi nisikilize, mimi ni wa huko.

Pete hatuikatai. Ni jambo lenu nyinyi wawili, na ni zuri. Lakini ujue kwamba kwetu pete haimfanyi binti kuwa mke wa mtu. Kinachomfanya awe mke ni ntheo, wale mbuzi wanaopelekwa kwao binti. Mnaweza kukaa miaka ishirini na kupata watoto watano, kama ntheo haikupelekwa wazee watakuuliza huyu ni nani kwako. Mahari mengine hulipwa polepole, lakini ntheo haichezewi.

La pili. Vijana wa siku hizi wakitaka kuonyesha heshima humpigia mama mkwe simu moja kwa moja: "Mama, nataka kumvisha binti yako pete." Usifanye hivyo. Kwetu kuna nthoni, ile heshima na haya kati ya mkwe na mama mkwe. Humkodolei macho, huongei naye mambo ya ndoa uso kwa uso. Utakuwa umemweka pabaya hata kama atakujibu kwa upole. Pitia kwa mjomba. Na usimwombe ruhusa ya pete, mwambie tu: "Mjomba, karibuni tutabisha hodi." Ataelewa, na mama atafikishiwa habari kwa njia yake.

La tatu, wazee wako wa Kakamega wajue kabla. Wasije wakasikia kwa jirani.

Wakili Mdogo, Jumanne saa 3:05 usiku

Kwa ufupi upande wa sheria. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 76, inasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu, ila aliyepata hasara kwa mwenzake kuvunja ahadi anaweza kudai fidia. Mkitaka ndoa ya serikali, notisi ni ya siku 21. Mkifunga ya kimila, mna miezi mitatu baada ya sherehe kumjulisha msajili. Wengi wanaisahau hii ya mwisho na inakuja kuwasumbua wajane.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumatano ya wiki ya pili, saa 4:00 usiku

Hali ilivyo. Mjomba nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bisha tu, mlango upo." Nimekaa na maneno hayo siku nzima nikifurahi.

Sonara amemaliza: karati 9, ya njano, tsavoraiti ndogo iliyozamishwa, na mkufu. Imekula zaidi ya nusu ya akiba na sijuti.

Siku ni Jumamosi hii. Mtembezi, najua ulisema siku ya kazi, lakini ndiyo siku pekee aliyo nje ya zamu, na dadangu na marafiki wawili wanataka kuwepo. Watajificha juu ya maporomoko na mpiga picha.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Ijumaa saa 4:15 usiku

Jamani. Mwenzake wa kazi ameugua ghafla, wamemwita aingie zamu ya usiku leo. Atatoka kesho saa mbili asubuhi. Ameniandikia kwamba tukiwahi bado anaweza kuja Karura, hataki kuniangusha. Mpiga picha ameshapewa nusu. Dadangu amefika kutoka Thika. Niendelee au niache?

Muuguzi wa Zamu, Ijumaa saa 4:21 usiku

Acha.

Niko zamu sasa hivi, naandika hapa mapumzikoni. Saa mbili asubuhi mtu aliyesimama usiku kucha hajui hata jina lake. Miguu imevimba, vidole vimevimba, pete yenyewe inaweza isiingie. Akikubali atakuwa amekubali usingizini. Mpelekee uji, mpeleke nyumbani alale.

Mpiga Picha Mtaani, Ijumaa saa 4:30 usiku

Mpigie huyo mpiga picha sasa hivi, usingoje asubuhi. Wengi wetu ukituambia usiku wa kabla tunakubali kusogeza siku bila kukutoza tena. Kinachotuumiza ni kuambiwa tukiwa tayari tumefika langoni.

Dada wa Donholm, Ijumaa saa 4:44 usiku

Kaka, ahirisha. Pete haiozi.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumamosi saa 5:30 asubuhi

Nimeahirisha. Mpiga picha amekubali Alhamisi ijayo, ambayo mpenzi wangu amepewa kufidia usiku wa jana. Nilikwenda kumngoja getini na uji kwenye chupa ya chai. Alikunywa wote tukiwa ndani ya matatu, akalala begani kwangu kabla hatujafika mzunguko wa kwanza. Pete ilikuwa mfukoni na sikuwa na hamu yoyote ya kuitoa. Nilikuwa namwangalia mikono yake tu.

Dadangu amerudi Thika. Alinuna kidogo, kisha akaniambia nimefanya vizuri. Marafiki wawili wako kazini Alhamisi. Kwa hiyo tutakuwa sisi wawili na mpiga picha.

Mtembezi, Jumamosi saa 6:10 mchana

Siku ya kazi, hatimaye. Mvua ikinyesha usiku, chunga ngazi za kushukia maporomoko, zinateleza.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Alhamisi saa 2:30 usiku

Nimekaa chini sasa niwaelezee yote, maana uzi huu umenibeba.

Usiku wa jana ilinyesha. Asubuhi mawingu, baridi. Tulishika matatu ya Umoja hadi mjini, tukapanda nyingine ya Ruaka, tukashuka lango la barabara ya Limuru. Matope mekundu kila mahali. Yeye alikuwa na furaha, amelala siku mbili mfululizo, anaimba njiani. Mpiga picha alikuwa ameshatangulia, amejibanza kule juu kwenye miti kama tulivyoelewana.

Tulipofika kwenye maporomoko, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yanaunguruma kwa ajili ya ile mvua. Nilianza kuongea. Akasema, "Nini?" Nikasema tena. Akaweka mkono sikioni. Nikamkumbuka yule kaka wa Rongai na upepo wake wa Ngong, nikaona hapana, swali hili nataka alisikie mara ya kwanza. Nikamshika mkono tukaondoka pale, tukafuata njia mpaka mahali ambapo maji yanasikika kwa mbali. Kulikuwa na gogo limeanguka. Nikalifuta kwa jaketi, akakaa.

Mpiga picha nilimsahau kabisa. Ana picha nzuri za migongo yetu tukiondoka.

Sikupiga goti mara moja. Nilimwambia kwanza kwamba Jumamosi iliyopita nilikuwa na kitu mfukoni alipolala begani kwangu. Akanitazama. Ndipo nikapiga goti, kwenye matope, nikamwambia, "Tumeongea habari hii mara nyingi, lakini sijawahi kukuomba rasmi. Nakuomba leo. Tuoane. Na kama una la kuniuliza kabla ya kunijibu, niko hapa, sina haraka."

Dada wa Donholm, hapa nataka ujue jambo. Alikuwa na ya kuuliza. Yalikuwa matatu, na tulikaa kwenye gogo lile karibu saa nzima.

La kwanza, mdogo wake yuko chuoni Machakos, amebakiza miaka miwili, na karo analipa yeye. Je, nikishamwoa nitaiona hiyo pesa kama ya nyumba yangu? Nikamwambia karo imalizike kama alivyoianza, na mwezi akikwama nitaongeza mimi. La pili, ana diploma na anataka shahada. Itakuwa miaka ya kubanana, usiku wa zamu na mchana wa masomo, na nisije nikamwambia nimeoa mwanamke asiyekaa nyumbani. Nikamwambia mimi napika. Akacheka, anajua napika nini.

La tatu lilinishika. Aliuliza, "Nyumbani Kakamega wananitarajia nikakae huko?" Sikuwa na jibu. Mama hajawahi kusema, nami sikuwahi kumuuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba mimi nataka tukae Nairobi ila sijalizungumza na mama. Alinyamaza muda mrefu. Kima walikuwa wanaruka juu yetu wakiangusha maji ya majani. Halafu akasema, "Liongee kabla ya ntheo, si baada."

Nikasema sawa.

Akanyoosha mkono, akasema, "Haya. Tuoane."

Ingekuwa Westlands, yale maswali matatu angerudi nayo nyumbani.

Mkufu aliuelewa kabla sijaeleza. Akaushika, akasema, "Wa wodini," akalia hapo.

Dada wa Donholm, Alhamisi saa 2:52 usiku

Nimesoma nikilia ndani ya matatu, abiria wananiangalia. Mungu awatunze. Mwambie shemeji yangu kwamba yale maswali yake nimeyapenda kuliko hata pete.

Mwalimu Mstaafu, Alhamisi saa 3:01 usiku

Naye akajibu kwa neno hilo hilo. Nimefurahi sana, mwanangu.

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Alhamisi saa 3:20 usiku

Sonara, pete ilikuwa inapwaya kidogo. Tukuletee kesho uipunguze?

Sonara wa Ngara, Alhamisi saa 3:33 usiku

Hongera! Msije kesho. Leo kulikuwa na baridi na mlikuwa msituni, kidole kilinywea. Avae wiki moja, apitie joto la mchana na zamu moja, kisha mje. Kama bado inazunguka nitaipunguza bila malipo. Msikate haraka.

Mzee wa Kaloleni, Alhamisi saa 3:50 usiku

Nimefurahi. Umeshaongea na mama yako?

Fundi wa Umoja (mwenye uzi), Jumapili saa 12:30 jioni

Mzee, nimeongea naye leo baada ya ibada, karibu nusu saa. Nilimwambia jinsi nilivyoulizwa, neno kwa neno. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi niliolewa nikapelekwa kwa mama mkwe nikiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeniuliza." Halafu akasema mkwe wake akae karibu na kazi yake, aje nyumbani Desemba kama likizo ikiruhusu, na akija asije na uniform ndani ya mkoba.

Nimemfikishia mwenyewe. Ameomba namba ya mama.

Tutakwenda Machakos mwezi wa kwanza, baba mdogo wangu na mzee mmoja wa ukoo. Nauliza tu, mbuzi tuwatoe Kakamega?

Mzee wa Kaloleni, Jumapili saa 1:05 usiku

Hapana, watachoka njiani na watafika wamekonda. Nunueni huko huko Machakos, asubuhi mapema, na mtafute mwenyeji wa kuwachagulia. Nitakuandikia pembeni.